Fungate Juu ya Barafu

Alfajiri ya tarehe 19 Agosti 1924, katika kijiji cha Anvik kando ya mto Yukon huko Alaska, binti wa miaka 22 aitwaye Margaret Thomas aliolewa na Olaus Murie, mtafiti wa wanyama aliyekuwa na miaka 35. Ndugu na marafiki walimwita Mardy, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Bwana harusi alikuwa ametoka pwani ya magharibi alikokuwa akichunguza ndege wa majini, bibi harusi alikuwa ameshuka na mashua kutoka Fairbanks, na mara baada ya ndoa wakaanza safari ya kuelekea upande ambao watu wenye akili zao hukimbia unapokaribia msimu wa baridi. Walikwenda kaskazini.

Kwetu pwani maharusi wa fungate hukaa ndani. Kwa siku saba somo anawahudumia, chakula kinaletwa mlangoni, na kazi yao ni kuzoeana tu. Fungate ya Mardy na Olaus ilichukua miezi. Walipanda mto Koyukuk kwa mashua, wakasubiri mto ugande, kisha wakaendelea kwa sleji iliyokokotwa na mbwa hadi kwenye milima ya Brooks, juu ya mzingo wa Aktiki, ambako mwezi Desemba jua huwa halichomozi kabisa kwa siku kadhaa. Safari nzima ya mashua na sleji inakadiriwa kuwa zaidi ya kilomita 800. Aliyeilipia ni serikali ya Marekani, kwa sababu Olaus alikuwa ametumwa kuwachunguza karibuu, wale kulungu wakubwa wa kaskazini wanaohamahama kwa makundi. Kwa hiyo ilikuwa safari ya kikazi. Lakini mtu hampeleki mke wake mpya kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri kwa ajili ya mshahara wa serikali peke yake, wala mke hakubali kwenda huko kwa ajili ya mshahara huo.

Nimewafikiria watu hawa wawili kwa muda mrefu, na kinachonivutia ni jinsi walivyoipenda baridi kwa pamoja. Mume anayependa pori nimemwona, na mke anayemvumilia mume apendaye pori nimemwona pia, tena mara nyingi. Huyu anabeba fimbo na kuondoka, yule anabaki akihesabu siku. Mardy hakuwa mke wa namna hiyo. Alizaliwa Seattle mwaka 1902, lakini tangu utoto alikulia Fairbanks, mji wa wachimba dhahabu. Akiwa na miaka 15 alisafiri kwa sleji ya farasi katika njia ndefu ya theluji kutoka Fairbanks kwenda Valdez. Mwezi Juni wa mwaka ule ule aliofunga ndoa, alihitimu chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks, akiwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Alipomkubali Olaus alijua baridi ni kitu gani. Olaus naye, mtoto wa wahamiaji kutoka Norway aliyekulia Minnesota, alikuwa ameshatembea majira kadhaa ya baridi pamoja na mbwa wake, akilala hemani na kuchora alichokiona.

Ili kuelewa ndoa yao, inafaa kwanza kuelewa jinsi watu wanavyosafiri katika baridi ile.

Katika Alaska ya ndani, mto ulioganda ndio barabara. Kiangazi nchi ile ni matope, vichaka na mbu. Majira ya baridi yakiingia, mto hugeuka njia tambarare ya kupitisha sleji. Lakini barabara hiyo ina hila. Barafu ikizidi kuwa nene hubana maji yaliyo chini yake, maji hupata ufa, hububujika juu na kutulia chini ya theluji bila kuonekana. Ukikanyaga hapo viatu vinalowa, na katika baridi ile miguu iliyolowa inataka moto upesi kuliko mtu anavyotaka chakula. Ndiyo maana kila jioni kazi ya kwanza ni kukausha. Viatu vya ngozi, soksi, glavu, na nyasi kavu zinazotandikwa ndani ya kiatu kushika unyevu, vyote huning'inizwa juu ya jiko dogo la bati lililomo hemani. Kosa la usiku hulipwa asubuhi. Mbwa nao hawasubiri: mmoja wenu akikata kuni, mwingine anayeyusha theluji na kuwapikia samaki mkavu, kwa maana mbwa wasiposhiba hakuna atakayerudi nyumbani.

Koti la safari lina kofia, na pembeni ya kofia huzungushiwa manyoya ya mbwa mwitu au ya mnyama mkali wa huko aitwaye wolverini. Wenyeji wa kaskazini waligundua zamani kwamba pumzi inapoganda juu ya manyoya hayo hudondoka kwa kupanguswa tu, ilhali manyoya mengine hubaki na barafu mbele ya mdomo. Karibu kila kitu ambacho wageni kama akina Murie walikitegemea katika baridi ile, tangu mavazi hadi namna ya kufunga mbwa, kilikuwa elimu ya Wainupiati na watu wa makabila ya Athabaska waliokuwa wakiishi huko kwa maelfu ya miaka. Nalitaja mapema, kwa sababu nitalirudia.

Kuna jambo jingine dogo ambalo mimi nimeliona kuwa moyo wa habari yote. Baridi kali inapoanza kuidhuru ngozi, doa jeupe hutokea shavuni au kwenye ncha ya pua. Mwenye doa hasikii maumivu, maana ganzi imeshaingia. Kioo hana, na hata angekuwa nacho asingesimama kujitazama katika upepo. Anayeliona doa ni mwenzake. Kwa hiyo wanaosafiri pamoja katika baridi ile hutazamana usoni kila mara, njiani na kwenye mapumziko, na anayeona weupe husema, huvua glavu na kumwekea mwenzake kiganja cha moto shavuni mpaka damu irudi.

Nadhani hapa ndipo penye siri. Wako wanandoa waliokaa nyumba moja miaka ishirini bila kutazamana usoni sawasawa, kwa sababu hakuna kinachowalazimisha. Chakula kipo, paa lipo, kila mmoja anajua ratiba ya mwenzake. Baridi huuondoa uhuru huo wa kupuuzana. Uhai wako umewekwa mahali usipoweza kupaona, na macho pekee yanayopaona ni ya yule uliyemchagua. Tena kutazamana huko hakuna haya wala maneno mengi. Ni kazi, inafanywa kila baada ya muda, na mapenzi yanakua ndani yake bila kutajwa.

Zaidi ya hayo, wote wawili walikuwa na kitu kimoja cha kutazama mbali na nafsi zao. Karibuu ni mnyama anayestahili maisha ya mtu. Manyoya yake yana uwazi ndani uliojaa hewa, ndiyo maana joto halimtoki. Kwato zake hubadilika kwa majira: kiangazi nyayo huwa laini kwa ajili ya ardhi yenye maji, na majira ya baridi nyayo husinyaa, kingo za kwato hujitokeza zikiwa kali, naye huzitumia kukata barafu na kufukua theluji akitafuta likeni, viumbe vidogo kama mimea vinavyotanda ardhini. Majike nao wana pembe, jambo lisilo la kawaida katika jamii ya kulungu. Na wanahama kwa makundi makubwa, wakivuka mito na milima kwenda mahali pa kuzalia. Msomaji wa Tanzania au Kenya hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu nyumbu wa Serengeti na Maasai Mara wameshamfundisha. Wamarekani wenyewe, wakitaka kuusifu ukanda ule wa kaskazini mashariki mwa Alaska, huuita Serengeti ya Marekani.

Olaus aliwafuata karibuu kwa miaka, na ripoti yake kuhusu karibuu wa Alaska na Yukon ikatoka mwaka 1935. Alikuwa pia mchoraji hodari. Kwa mtu wa aina yake theluji ni daftari: kila aliyepita ameandika, sungura, mbweha, mbwa mwitu, hata ndege aliyeshuka mara moja na kuacha alama ya mbawa. Kitabu chake cha kutambua nyayo za wanyama kilichapishwa mwaka 1954 na kimeendelea kutumiwa na wapenda pori hadi leo. Mardy alimpigia chapa maandishi, akapanga safari, akalea watoto watatu, na baadaye akaandika mwenyewe. Kitabu chake kuhusu maisha yao ya kaskazini, kilichotoka mwaka 1962, ni kizuri kuliko chochote mumewe alichowahi kuandika. Hiyo ni hukumu yangu na siibadilishi.

Watoto hawakuwasimamisha. Mwaka 1926 walichukua mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa hajatimiza hata mwaka, wakaenda naye mto Old Crow kuwafunga bata bukini pete za utafiti. Ilikuwa kiangazi, na mbu wa kule ni adui mbaya kuliko baridi. Injini ya mashua ikavunjika, wakaendelea kwa kusukuma mashua kwa miti kupinga mkondo, mtoto akiwa ndani. Wako watakaowalaumu. Ningekuwa bibi wa mtoto yule pengine ningepiga kelele. Lakini naona pia kwamba mtoto yule alianza maisha akiwa kati ya wazazi wawili walioelekeza macho upande mmoja, na hiyo nayo ni malezi.

Si wote wanaoanza safari ya namna hiyo wakiwa na hamu sawa. Mwaka 1934 mchoraji wa Austria, Christiane Ritter, alimfuata mumewe Hermann katika kisiwa cha Spitsbergen, kaskazini kabisa mwa Norway, ambako mume alikuwa mwindaji. Alikwenda kwa kusitasita, akamwacha binti yake nyumbani, na alipokiona kibanda cha kukaa mwaka mzima, kidogo na peke yake katika pwani ya mawe, hakupendezwa hata kidogo. Kulikuwa na mtu wa tatu nao, mwindaji kijana wa Norway. Wanaume walipokwenda kuwinda, dhoruba ikamkuta mwanamke yule peke yake siku kadhaa, akiwa na kazi ya kufukua theluji ili mlango usizibwe. Usiku wa miezi ya giza ulimfundisha kitu ambacho maneno ya mumewe yasingeweza. Kitabu alichokiandika baadaye, kilichotoka mwaka 1938, kimejaa mwanga, na aliyekiandika anaipenda nchi ile kuliko aliyemwita. Namtaja kwa sababu kuna wasomaji watakaosema kwamba mapenzi ya pamoja ni bahati ya waliozaliwa nayo. Christiane alijifunza akiwa na miaka 37. Aliishi hadi mwaka 2000, akafariki akiwa na miaka 103.

Nirudi kwa akina Murie. Mwaka 1927 walihamia Jackson Hole katika jimbo la Wyoming, Olaus akiwa ametumwa kuchunguza wapiti, kulungu wengine wakubwa, na huko wakaweka makazi ya kudumu chini ya milima ya Teton. Mwaka 1945 Olaus alikubali kuongoza Wilderness Society, shirika la kutetea nyika, kwa sharti kwamba hatahamia Washington. Ofisi ikawa nyumba yao ya magogo pale Moose, huko huko Jackson Hole. Wanasiasa, wanasayansi na vijana waliotafuta ushauri walikwenda kukaa mbele ya moto wa nyumba hiyo, Mardy akiwapikia na kubishana nao. Kuanzia hapo mapenzi yao yalitoka katika maisha ya watu wawili na kuingia katika siasa ya taifa, na mimi huona fahari ninaposoma sehemu hii.

Mwaka 1954 Olaus aliugua kifua kikuu, akalazwa muda mrefu. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 67, yeye na Mardy walikwenda tena kaskazini, kwenye bonde la mto Sheenjek, pamoja na watafiti vijana. Mmoja wa vijana hao aliitwa George Schaller. Jina hilo tunalijua. Baada ya muda mfupi alikuwa katika milima ya Virunga, upande wa Kongo, akiwachunguza sokwe wa milimani, na kuanzia mwaka 1966 akaishi Seronera na mke wake Kay na watoto wao wawili, akiandika utafiti wa simba wa Serengeti ambao bado unasomwa. Mume na mke tena, porini tena. Sina shaka kwamba kijana yule aliona kitu kule Sheenjek zaidi ya wanyama.

Safari ya mwaka 1956 ilikuwa na lengo: kukusanya ushahidi wa kuifanya nchi ile ihifadhiwe. Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu ya Marekani na mke wake waliwatembelea kambini. Tarehe 6 Desemba 1960 serikali ya Rais Eisenhower ilitangaza hifadhi ya kilomita za mraba zipatazo 36,000. Baadaye, mwaka 1980, sheria iliyosainiwa na Rais Carter iliipanua sana, na leo ina kiasi cha kilomita za mraba 78,000, zaidi ya mara tano ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Hapa lazima niseme nililoahidi. Watu wa kizazi cha akina Murie walizoea kuiona nyika kama nchi isiyo na watu. Haikuwa hivyo. Gwich'in, mojawapo ya makabila ya Athabaska, walikuwa wakiwafuata karibuu kabla mtafiti yeyote hajazaliwa, na Wainupiati walikuwa pwani. Sisi wa Afrika Mashariki tunajua fikra hiyo inaweza kufikisha watu wapi: mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakichunga Serengeti walihamishiwa Ngorongoro, na jeraha lile halijapona. Alaska ilichukua njia yenye unafuu. Wanavijiji wa hifadhi ile hawakufukuzwa, na sheria ya mwaka 1980 inawalinda wakazi wa vijijini wawinde kwa ajili ya chakula chao. Mapenzi ya mgeni kwa nchi hupimwa hapo: je, yanamwona mwenyeji? Ya akina Murie yalimwona kwa sehemu. Waliofuata ndio waliolazimika kumaliza.

Olaus alifariki mwezi Oktoba 1963. Sheria ya Nyika, aliyoipigania kwa miaka, ilisainiwa na Rais Johnson tarehe 3 Septemba 1964 katika bustani ya Ikulu ya Marekani. Howard Zahniser, aliyeandika rasimu yake, naye alikuwa amefariki miezi minne kabla. Miongoni mwa waliosimama pale kushuhudia walikuwa wajane wawili, Alice Zahniser na Mardy Murie. Nikilifikiria tukio lile nakumbuka kwamba watu wengi humhurumia mjane kwa kupotewa na mwenza. Mardy alikuwa amepotewa na yule aliyemtazama usoni miaka 39, lakini kile walichokitazama pamoja kilikuwa bado kipo, na alikishika. Alisafiri, akatoa ushahidi mbele ya wabunge, akaandika barua, akawapokea wanafunzi nyumbani kwake. Mwaka 1998 Rais Clinton alimpa Nishani ya Uhuru ya Rais. Alifariki nyumbani Moose mwezi Oktoba 2003, akiwa na miaka 101, yaani miaka 40 baada ya mumewe, na miaka yote hiyo aliifanya ile kazi.

Kazi yenyewe haijaisha. Ndani ya hifadhi ile kuna uwanda wa pwani ambako miaka mingi, mwanzoni mwa Juni, karibuu wa kundi la Porcupine huenda kuzaa, kundi lililowahi kupita idadi ya laki mbili. Chini ya uwanda huo inaaminika kuna mafuta. Tangu mwaka 1988 Gwich'in wana kamati yao ya kuutetea, kwa sababu kwao ni mahali patakatifu ambapo uhai huanzia. Mwezi Desemba 2017 Bunge la Marekani, ndani ya sheria ya kodi, liliamuru vitalu vya uchimbaji vipigwe mnada. Mnada wa Januari 2021 haukuvutia kampuni kubwa za mafuta, na ule wa Januari 2025 haukupata hata mzabuni mmoja, lakini wanaotaka kuchimba hawajakata tamaa. Wainupiati wengi wa kijiji cha Kaktovik wanaunga mkono uchimbaji kwa ajili ya shule, zahanati na ajira, na hoja yao haifai kudharauliwa na mtu aliyeshiba.

Hata hivyo mimi nina upande. Kuchimba mahali wanyama wanapozalia ni kosa, liwe Alaska au pengine popote. Mahitaji ya Kaktovik yanaweza kutimizwa na nchi tajiri kama Marekani bila kugusa uwanda ule. Na wa kwanza kusikilizwa wawe Gwich'in, waliokuwa wakiijua njia ya karibuu wakati Mardy na Olaus hawajafika na sleji yao.